Fromaji ya Mama Isitoe Jasho

Walionisoma wiki jana waliniacha juu ya ngazi, ndoo ya chokaa mkononi, mvua inatokea upande wa msitu. Basi, mimi nilishuka. Na chokaa ilishuka.

Nilitaka kuyapaka mabati rangi nyeupe ili jua lirudi lilikotoka. Mvua ikakataa. Chokaa iliteleza juu ya mabati, ikamwagikia mihogo ya mama mkwe wangu, Mama Pétronille, iliyoanikwa uani, ikamalizia kwenye kitenge chake cha Pasaka. Mama Pétronille hakupiga kelele. Alikunja nguo zake akahamia kwa ndugu yake ng'ambo ya soko, na kila aliyemsalimia njiani alimwambia: "Muniangalie muzuri. Muke wa mutoto wangu amenipaka rangi kama ukuta wa dispansari."

Anayeanza leo nisimpoteze. Jina langu ni Uwamwezi, lakini hapa Walikale wananiita Mama Gaëlle, kwa jina la binti yangu wa miezi saba. Nimezaliwa Karuba, juu kwenye milima ya Masisi, mahali ambapo mtu analala na blanketi mbili na bado anaota baridi. Thierry alinioa akanileta huku chini msituni, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, mabati juu, dari hakuna. Ikifika saa sita mchana mabati yanalia tak, tak, tak, kama kifuniko cha sufuria, na sisi ndio tuliomo ndani ya sufuria.

Gaëlle akatoka harara shingoni. Mimi nikafanya kosa la kumtumia mama yangu picha.

Mama yangu anaitwa Mukandori. Alipiga simu siku ileile.

"Hii nyekundu kwa shingo ya mutoto ni nini?"

"Ni joto tu, mama."

"Joto tu. Jumamosi niko hapo. Nakuja na fromaji."

Nilikaa chini. Baba yangu, marehemu Habineza, alikuwa mtengenezaji wa fromaji, ile jibini ya duara inayotoka kwetu. Kila alipotafuta chumba cha kuihifadhi, alifanya hivi: aliweka fromaji moja juu ya ubao, akasali rozari nzima, kisha akaiangalia. Ikibaki kavu, chumba kinafaa. Ikitoa jasho, anafunga mlango na kwenda kutafuta kingine. Hakuwahi kukosea.

"Nitaiweka kwa meza yako," mama alisema. "Nitasali. Ikitoa jasho mbele nimalize rozari, nabeba mutoto. Utakuja kumuona Karuba, wakati atakuwa anatembea."

"Mama, bado ananyonya!"

"Huku kuko ng'ombe."

Akakata simu.

Sasa mume wangu. Thierry ni mchanjaji wa watoto. Anabeba chanjo vijijini ndani ya sanduku lenye barafu. Yaani mtu anayelala ubavuni pangu anatembea na baridi begani kutwa nzima, na mtoto wake anaiva nyumbani. Jumatano, alipokuwa anafunga sanduku kwenye pikipiki kwenda Itebero, nilimshika mkono.

"Baba Gaëlle, tuachie barafu moja tu. Kipande."

"Hii baridi iko ya État, ya serikali, Mama Gaëlle. Siwezi kuigawa."

"Na mutoto wako si raia?"

"Ni raia. Lakini hajaandikwa kwa hii sanduku."

Alipoona macho yangu, akaongeza: "Jumamosi nitarudi. Weye njo mwenye unasoma masomo ya jioni. Utapata akili."

Akili. Nilifungua kaye yangu, daftari la masomo ya jioni. Mwalimu alituambia kwamba joto likishaingia ndani ni mgeni asiyejua kuaga, kwa hiyo lizuiwe nje, mlangoni. Nikasoma mara tatu. Nikaanza kutazama nyumba za watu.

Jirani yangu Joséphine-Marie anauza ndizi katika kibanda kilichoezekwa majani. Ukikaa mule saa saba mchana unasinzia. Ukikaa kwangu saa saba unaona malaika. Tofauti ni nini? Majani.

Ningemuuliza Joséphine-Marie, haya yote yasingetokea. Lakini Ijumaa alikuwa shamba.

Nyuma ya nyumba kuna migazi minne, ile miti ya mafuta mekundu. Mwenye nyumba aliniruhusu kukata majani bila kuuliza ya kazi gani. Karuba hatuna migazi, sisi ni watu wa mikalitusi na majani ya ng'ombe, kwa hiyo kusuka makuti sijui. Nikafanya nilivyoweza. Kila kuti nililipasua katikati kwa panga. Mawili nikayasimamisha huku na huku ya mlango, nikayakunja vichwa yakutane juu. Mengine nikayaning'iniza kwenye ukingo wa mabati. Yaliyobaki nikayapanga kando ya njia mpaka barabarani, ili udongo usiungue.

Ilipendeza! Ilikuwa kama Jumapili ya Matawi. Nikawaza kwamba mama atasema hii ni nyumba ya Wakristo.

Nikayanyunyizia maji. Upepo ukapita ndani ya majani ukaingia chumbani na harufu ya mvua. Gaëlle alilala saa sita akaamka saa tisa. Nilisimama kando yake muda wote huo. Niliweka kidole shingoni mwake, chini ya kidevu, pale maziwa yanapojificha. Pakavu. Nililia kidogo, peke yangu, kwa furaha.

Jioni niliona watu wanapita mbele ya nyumba polepole. Wanawake wananyamaza. Wanaume wanavua kofia. Nikasema moyoni, kumbe hata huku watu wanaheshimu kazi nzuri.

Wasomaji wa Walikale, najua mmeshaanza kucheka. Ninyi wa Goma na wa milimani, vumilieni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafagia nikasikia: "Yooo! Yooo! Mama yangu eee!"

Alikuwa Joséphine-Marie, ametoka shamba, anaingia uani kwa magoti, mikono kichwani, jembe bado begani. Nyuma yake wanawake wawili wa kwaya. Nyuma ya kwaya, wamama na masufuria. Nyuma ya wamama, wanaume na viti vya plastiki na shitingi kubwa ya kufunika uwanja.

"Joséphine-Marie, kuna nini?"

Akanikumbatia mpaka mifupa ikalia.

"Nyamaza, dada. Usiseme kitu. Lia tu."

Niseme sasa jambo ambalo mimi nililijua nikiwa wa mwisho. Huku, kuti la mgazi lililopasuliwa katikati na kukunjwa juu ya mlango ni tangazo. Linasema: humu mna maiti. Na makuti yaliyopangwa mpaka barabarani yanasema: ingieni wote.

Tena kuna jambo la pili. Kwetu Karuba mtu akifika kwenye kilio anauliza nani amekufa, ili ajue aingie namna gani. Huku hawaulizi. Kuuliza mlangoni ni kama kupima kwanza kama marehemu anastahili machozi yako. Unalia kwanza. Jina litakuja lenyewe.

Lakini jina halikuja, kwa sababu halikuwapo. Basi kila mtu akaleta lake. Mama mmoja alilia: "Mama Pétronille, umetuachia nani!" Mwanaume mmoja alimlilia mwenye nyumba, kwa uchungu mwingi kuliko nilivyotegemea kwa mpangaji. Mimi nimesimama katikati na ufagio, nikiwaza kwamba watu hawa wamepotea nyumba.

Ndipo Joséphine-Marie akafungua mdomo sikioni mwangu.

"Thierry! Thierry wetu wa chanjo! Njia ya Itebero imemumeza!"

Ufagio ulianguka.

Nikasema, wanajua. Watu wote hawa wanajua, mimi tu ndiye sijui. Nilichukua simu nikampigia. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikaona mto, nikaona matope, nikaona lile sanduku la baridi linaelea peke yake. Nilikaa chini nikalia jina la mume wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Hapo wote wakapata jibu. Waliokuwa wanamlilia mama mkwe wakageuza, na waliokuwa wanamlilia mwenye nyumba wakageuza. Uwanja mzima ukawa Thierry. Mimi nilimlilia kwa sababu wao walimlilia, na wao walimlilia kwa sababu mimi nilimlilia. Katikati yetu hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua kitu.

Watu arobaini waliingia katika vyumba viwili. Shitingi ilifunga upepo. Sombe, yale majani ya mihogo, iliwashiwa moto chini ya dirisha. Nyumba niliyoipoza siku nzima ikawa moto kuliko siku niliyohamia. Gaëlle aliamka mgongoni kwa mama mmoja wa kwaya, mwekundu kama tunda la mgazi.

Na nani anashuka pikipiki barabarani?

Mama yangu. Siku mbili njiani, pikipiki tatu, kikapu mapajani. Mama hajui makuti. Lakini kilio anakijua. Alimlipa motari aliyemleta, akamwambia angoje. Kisha akasikiliza. Alikuja kwa ajili ya mtu mmoja tu katika nyumba ile, mtu wa miezi saba, na nyumba inalia.

Aliweka kikapu chini polepole. Akakaa barabarani, katikati ya matope, na kitenge chake kizuri.

"Nimechelewa," alisema. "Nimechelewa. Nimechelewa."

Nilimpokonya mama wa kwaya mtoto nikakimbia.

"Mama! Yuko hapa! Huyu hapa, muangalie!"

Alimshika Gaëlle kwa mikono miwili. Alimnusa kichwa, alimnusa shingo, akambonyeza miguu kana kwamba angeweza kuletewa mwingine. Gaëlle akamvuta pua. Mama akacheka huku analia. Halafu akaona harara, na machozi yakakauka palepale.

"Sasa nani njo amekufa?"

"Thierry, mama. Ni Thierry."

Akafanya ishara ya msalaba. Akanivuta kwa mkono mmoja nikalalia bega lake, na kwa muda mdogo nilikuwa mtoto wa Karuba tena. Kisha nikamsikia anainua kichwa. Alikuwa anatazama mlango wangu. Mvuke ulikuwa unatoka.

"Pole sana, binti yangu. Pole ya kweli. Na mujane ao si mujane, mutoto hawezi kukaa mule. Lakini sitaki useme kesho nilikuibia mutoto wakati ulikuwa unalia. Nilisema fromaji, tutafanya fromaji. Meza iko wapi?"

"Mama, leo?"

"Unataka nirudi nayo Karuba nikuje nayo tena?"

Akajifunga Gaëlle mgongoni, akaingia. Watu wakampisha. Wakaona mama mzee wa mlima anafungua kikapu, anatoa chungu kidogo, ndani ya chungu kitambaa kibichi, ndani ya kitambaa jani la ndizi, ndani ya jani kitu cha duara chenye rangi ya nta. Akakifuta taratibu mpaka kikakauka. Akakiweka katikati ya meza. Akapiga magoti mbele yake na kutoa rozari.

Nyumba yote ikanyamaza. Walidhani hivyo ndivyo tunavyolia milimani.

Joséphine-Marie alisogea kwangu.

"Dada, ile kitu ya duara iko ya marehemu?"

"Ni fromaji."

"Alikuwa anaipenda?"

"Hajaionja hata siku moja."

"Masikini!" Akaanza kulia upya.

"Salamu Maria," mama alisema. Kwaya ikamwitikia. Watu arobaini wakamwitikia. Na kila Salamu Maria ilitoka na pumzi arobaini za moto.

Naungama hapa mbele yenu wote. Nilipaswa kumlilia mume wangu. Mdomo wangu ulikuwa unamlilia. Macho yangu yalikuwa kwenye fromaji. Mungu ananijua. Mume alikuwa amekwisha kwenda, nilivyoamini, na mtoto alikuwa bado hapa, na kati ya mtoto na pikipiki inayongoja barabarani kulikuwa na ile duara tu.

Fungu la pili la rozari likaisha, na ukingo ukaanza kung'aa. Nilichukua lungo la kupepetea mchele nikaanza kuipepea. Joséphine-Marie hakuuliza, naye akachukua lake. Mama wa kwaya akavua kilemba akapepea nacho. Tukawa wanawake saba tunaipepea fromaji katika kilio cha mchanjaji.

Fungu la tatu, nikasikia Salamu Maria inakatika nyuma. Kwanza mlangoni, halafu katikati, halafu mbele. Nikageuka.

Mama Pétronille alikuwa amesimama chini ya makuti.

Kumbukeni kwamba asubuhi ileile kuna watu waliomlilia huyu mama kwa jina. Mmoja wao alipiga yowe akatoka kwa dirisha. Wa pili akamfuata. Waliobaki hawakungoja kuelewa. Walipita mlango, walipita dirisha, shitingi ikaanguka, viti vikalala chali, sombe ikabaki peke yake motoni. Ndani tukabaki mimi, Joséphine-Marie aliyekuwa amejificha chini ya meza, na mama yangu, ambaye hakugeuka hata mara moja. "Salamu Maria," aliendelea.

"Nilisikia kule soko kama nimekufa," alisema Mama Pétronille. "Nikasema, niende nione wamenipikia nini."

"Mama," nilimwambia, "Thierry..."

"Thierry nini?"

"Amekufa kwa njia ya Itebero."

"Thierry yupi? Mutoto wangu amenipigia simu asubuhi, yuko juu ya kile kilima chenye rezo ya simu. Akishuka tu simu yake inazimika, unajua vile. Amesema amechukua njia, anakuya. Nani alikuambia amekufa?"

Nikamtazama Joséphine-Marie chini ya meza.

"Weye njo ulilia," alisema Joséphine-Marie.

"Weye njo ulianza!"

"Nilikuta makuti!"

Mama Pétronille akainua macho. Aliangalia makuti juu ya mlango. Akageuka akaangalia yale ya njiani, moja moja, mpaka barabarani.

"Nani alipasua haya?"

"Mimi, mama."

"Juu ya nani?"

"Juu ya baridi."

Nilidhani atanipiga. Alishika ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Joséphine-Marie alinieleza kutoka chini ya meza maana ya makuti, na mimi nilitamani nimfuate huko chini.

"Amina," mama yangu alisema nyuma yetu.

Alikuwa amemaliza. Mafungu yote matano.

Ndipo nilipohisi: nyumba ilikuwa tupu, shitingi haipo, upepo unapita katika majani mabichi na kuingia kwa mlango na kutoka kwa dirisha. Palikuwa na baridi. Baridi ya kweli. Mama aligusa fromaji kwa kidole. Akaigusa kwa mgongo wa mkono. Akainama akaiwekea shavu, kama baba alivyofanya.

"Kavu," alisema.

"Mama?"

"Nilisema neno yangu. Mutoto anabaki."

Nilimrukia. Nilimkumbatia yeye na Gaëlle pamoja. Mume mzima, mtoto wangu, nyumba baridi! Nikasema moyoni, wiki hii wasomaji wangu watanikuta nimepumzika.

"Maiti iko wapi?"

Alikuwa Papa Théophile, chefu wa avenue yetu, yaani mkuu wa mtaa, na kofia yake ya kazi. Waliokimbia walikuwa wamemleta, nao wamesimama nyuma yake kwa umbali mzuri.

"Hakuna maiti, Papa chefu," nilimwambia. "Ni kosa langu. Sikujua."

"Hakuna?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi makuti yatoke sasa hivi. Makuti bila maiti inaita maiti. Unataka nani wa avenue yangu aende kujaza ile nafasi? Weye utachagua?"

"Papa chefu, siku tatu tu. Ni juu ya mutoto."

"Siku tatu ni za maiti. Uko na maiti?"

"Sina."

"Basi."

Alinyoosha mkono mwenyewe, akang'oa kuti la kwanza juu ya mlango. Jua likaingia. Liliingia kama mtu anayejua nyumba, likapita sakafuni, likapanda meza, likakaa juu ya fromaji.

Mama yangu aliliona. Alitoa rozari tena kifuani.

"Tunaanza upya."

"Mama! Umesema anabaki!"

"Nilisema juu ya ile nyumba ingine. Hii ni nyumba ya mabati. Sikudanganyi na usinidanganye. Kesho nikiwa Karuba, nani atamupepea?"

Papa Théophile akashika kuti la pili. Barabarani, motari aliwasha pikipiki kuona kama bado inawaka. Gaëlle, mgongoni kwa bibi yake, alitoa tone la kwanza la jasho juu ya mdomo, akalilamba.

Mama Pétronille alimtazama Gaëlle. Akamtazama motari. Kisha akafungua kilemba chake, akatandika mkeka katikati ya chumba, akalala chali na kukunja mikono kifuani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimekufa."

"Mama!"

"Papa Théophile, rudisha ile kuti."

Chefu akabaki na kuti mkononi. "Mama Pétronille, muntu hawezi kukufa hivi hivi."

"Asubuhi mulinililia na sikuwa hapa. Sasa niko hapa, munanikataa?" Alikuwa anaongea na mabati, macho amefumba. "Huyu mujukuu ni mumoja tu niko naye. Hawezi kwenda kukulia fasi moja na ndama, mimi nikiwa muzima. Basi mimi si muzima. Siku tatu. Na mumulaze hapa karibu yangu, kuko baridi."

Mkono wa Papa Théophile ulipanda wenyewe ukavua kofia, na alipoona amekwisha kuvua kofia, hakuwa na njia tena. Akarudisha kuti. Watu wakaanza kusogea uani, mmoja mmoja. Joséphine-Marie, kutoka chini ya meza, akaanza polepole: "Yooo..."

Mama yangu alimwinamia mkwe mwenzake.

"Maiti yenu inatoa jasho," alisema.

"Maiti ya huku inatoaka jasho," alijibu Mama Pétronille bila kufungua macho. "Weye endelea na sala yako."

Mama akapiga magoti. Fungu la kwanza. Nikachukua lungo.

Hatukuwa tumefika hata nusu niliposikia pikipiki nyingine, ile ya afya, inayokohoa kila inapopanda. Ilipunguza mwendo mwanzoni mwa makuti. Ikazimika. Thierry. Kutoka pale aliposimama mtu anaona njia yote: makuti huku na huku, watu wananyamaza na kuvua kofia, mlango wazi, na ndani ya mlango nyayo za mama yake zimeelekea barabara.

Nikimwambia kwa sauti kwamba mama yake ni mzima, Papa Théophile anang'oa makuti na mtoto anapanda mlima. Nikinyamaza, yule mtu anaanguka palepale barabarani.

Nilitupa lungo. Nilishapiga hatua moja nilipohisi mkono umenikamata kifundo cha mguu, mkono wenye nguvu kuliko wa maiti yoyote niliyowahi kusikia. Mama Pétronille alikuwa amefungua jicho moja.

"Kaa chini," alisema. "Muntu asimuambie kitu. Nataka nisikie mutoto wangu atanililia namna gani."